Boga Lililorudi kwa Mwenyewe

Mapenzi ya Celsa Provencio yalianzia machoni, na hili si fumbo. Katika chumba cheupe alimofanyia kazi, macho ndiyo kitu pekee cha mtu kilichoruhusiwa kuonekana. Kichwani kofia ya kitambaa, usoni barakoa, mikononi glavu, mwilini joho jeupe mpaka kwenye vifundo vya miguu. Humo ndani Celsa alikuwa akisafisha na kulinda kioo cha darubini. Upande wa pili wa meza alisimama Orin Haugen, mtaalamu wa nyota kutoka Minnesota, mrefu kama mlingoti wa simu. Kwa Celsa alikuwa macho mawili ya kijivu yaliyosema "nipe bisibisi" kwa namna ambayo msichana mwenye akili timamu angetoa bisibisi na moyo juu yake.

Chumba kile kilikuwa na masharti kuliko nyumba ya watawa. Hakuna manukato, hakuna losheni, hakuna mafuta ya nywele, hakuna rangi ya mdomo. Mwanga waliokuwa wakiuwinda, ule wa urujuanimno ulio ng'ambo ya zambarau, ambao ngozi huuhisi na jicho haliuoni, ni mwanga wenye kinyaa. Tone la mafuta, likikaa juu ya kioo kwa wembamba kuliko pumzi, humeza mwanga ule wote, na roketi ikapanda bure na kushuka bure. Kwa hiyo kwa miezi saba Celsa hakujipaka kitu. Mikono yake ilikauka kama shamba la baba yake kabla ya maji ya mfereji, na chupa yake ya manukato ilikaa kabatini kwa mama yake, imefungwa kizibo.

Sasa kioo kilikuwa kimekwenda na kurudi. Usiku wa Jumatano, usiku usio na mwezi, roketi iliruka na darubini kichwani. Ijumaa asubuhi helikopta iliirudisha kutoka kwenye mchanga mweupe ilikoteremkia kwa parachuti. Celsa alikifungua kifuniko kwa mikono yake mwenyewe, akamulika, akashusha pumzi. Kioo kilikuwa safi.

Lakini si kioo kilichokuwa kimemnyima usingizi wiki nzima. Ilikuwa barua.

Siku tisa zilizopita Orin alikuwa amepeleka posa. Alifuata desturi za bonde la Mesilla, kwao Celsa, hatua kwa hatua, kama Celsa alivyomfundisha: barua iliyoandikwa kwa mkono, na mtu mzima wa kuipeleka. Baba yake Orin alikuwa mbali, basi aliyebebeshwa barua ni Burl, fundi mkuu wa timu, aliyevaa tai kwa mara ya kwanza tangu kumzika mama yake. Baba wa msichana hupewa siku nane za kujibu. Na jibu hilo lilikuwa limebeba kila kitu. Mwezi wa Januari timu ingesafiri kwenda Australia kupima anga ya kusini, na mkuu wa timu alikuwa amemtaja Celsa kwa jina, kwamba bila mikono yake kioo hakipandi ndege. Don Epifanio Provencio alikuwa ametoa kauli yake mapema: "Binti yangu haendi upande wa pili wa dunia na kundi la wanaume kwa ajili ya kioo. Akienda, aende na mume." Naye Celsa alikuwa ametoa yake moyoni, bila kumwambia mtu: hataondoka nyumba ile bila baraka ya baba.

Jambo moja tu hakumfundisha Orin. Hakumwambia "hapana" huja kwa sura gani. Aliona kulitamka ni kuliita.

Orin alimkuta nje ya jengo, juani, akila tortila, chapati ya kwao, yenye maharage. Uso wake mzima ulikuwa unacheka.

"Baba yako amejibu," alisema.

Tortila ilibaki njiani. "Lini?"

"Jumatano mchana, kabla hatujarusha. Sikukwambia. Nilitaka tufurahi jambo moja moja."

"Amesemaje?"

"Hakusema neno. Alinisubiri getini, akaliweka juu ya boneti ya gari langu, akagusa kofia yake, akaenda zake."

"Akaliweka nini, Orin?"

"Boga."

Celsa aliketi juu ya ngazi.

"Boga zuri sana," Orin aliendelea. "Zito kama mtoto wa miaka miwili. Celsa, nimeishi hapa miezi saba na sijawahi kupewa zawadi na baba yako."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilimkimbilia, nikamshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili."

"Mungu wangu. Naye?"

"Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani hisia zilimzidi."

Celsa akaziba uso kwa viganja. Orin aliona mabega yake yanatikisika, akadhani ni furaha, akaketi kando yake.

"Nimelioka pai," alisema kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya taifa. "Mapishi ya mama yangu. Mwenye nyumba wangu kaniazima jiko. Liko garini, limefunikwa taulo. Leo jioni tunampelekea."

Burl alikuwa akija na makufuli ya masanduku, na wenzake wawili nyuma yake. Hapakuwa mahali pa kusema. Celsa alimeza alichokuwa nacho mdomoni, na alichokuwa nacho moyoni, akajibu neno moja tu.

"Sawa."

*

Pilipili zilikuwa zimeiva mashambani, na kila nyumba waliyoipita ilikuwa imening'iniza mashada yake mekundu ukutani. Orin aliendesha kwa mkono mmoja. Mwingine uliishikilia pai kwenye kona kama mtu aliyepakia mayai. Alikuwa akipiga mluzi. Celsa alihesabu nguzo za umeme, akajiambia kwenye ile ya kumi atasema. Ya kumi ikapita. Akajiambia kwenye daraja. Daraja likaanza kuonekana.

"Simamisha gari."

"Umesahau kitu?"

"Ndiyo. Simamisha."

Gari lilisimama kando ya mfereji. Celsa aliongea akitazama mbele.

"Orin, huku kwetu baba akikubali, huandika barua. Akikataa, kwa kuwa hapendi kumtukana mtu, haandiki. Hutuma boga."

Mluzi ulikuwa umekwisha. Maji ya mfereji yalisikika.

"Boga," alisema Orin.

"Boga."

"Kila boga?"

"Orin, mtu hampi mchumba wa binti yake boga kwa sababu nyingine. Hata mtoto mdogo anajua. Ningekwambia, niliogopa nitakuwa nimelialika."

Orin akatazama ile taulo. Masikio yake, ambayo siku zote yalimtangulia kusema ukweli, yaligeuka mekundu.

"Kwa hiyo mzee kanikataa, nami nikamkimbilia kumshukuru."

"Kwa mikono miwili."

"Ndiyo maana alinitazama vile."

Celsa hakukusudia kucheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, na nyuma yake machozi, na vyote viwili vikawa vinagombea uso mmoja. Orin akampa leso. Akaitazama mikono yake iliyopasuka, akaishika.

"Nisikilize," alisema. "Naweza kugeuza gari. Jumatatu tunafunga vitu, wewe utabaki, mimi nitakuandikia barua mpaka wino uishe. Au tunakwenda."

"Kufanya nini? Umeshakataliwa."

"Nimekula kwenu mara tano. Mama yako alinipa bakuli la tamale nami sikurudisha hata bakuli. Kwetu mtu harudi kwa watu mikono mitupu." Akawasha gari. "Na pai bado ina joto."

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Celsa alimtazama pembeni, akaona hofu tele, na gari linakwenda. Akazidi kumpenda kwa kiasi ambacho hakukijua kuwa bado kilikuwapo.

*

Doña Tomasa, mama yake Celsa, alifungua mlango akiwa na aproni yake, akaona taulo, akanusa, akamtazama binti yake. Mama hahitaji kuambiwa mara mbili. Alirudi nyuma hatua moja, akaziba mdomo kwa ncha ya aproni.

"Pita, mwanangu," alimwambia Orin, na sauti ilimtetemeka kwa kicheko. "Epifanio, una mgeni."

Don Epifanio alikuwa mezani akisoma gazeti kwa miwani ya dukani. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye masharubu meupe. Aliivua miwani, akaikunja. Orin akaiweka pai mbele yake na kuifunua.

"Nini hiki?"

"Ni boga lako, Don Epifanio."

Celsa alisimama nyuma ya mama yake kama miaka ile alipovunja taa.

"Umeambiwa maana yake?" mzee aliuliza.

"Nimeambiwa. Nusu saa iliyopita, pale mferejini kabla ya daraja."

"Na bado umekuja."

"Nilikuwa nimeshaoka, mzee wangu."

Doña Tomasa akageukia jikoni kwa haraka, na huko vyombo vikaanguka bila sababu. Don Epifanio hakucheka. Lakini masharubu yake yalijongea upande mmoja, yakarudi.

"Kaa," alisema. "Nami nikuulize, maana barua yako haikunieleza. Nimeambiwa mnaielekeza darubini mahali pasipo na nyota."

"Ndiyo. Katikati ya nyota."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Na hapo mnatafuta nini?"

"Vumbi," alisema Orin.

Mzee alimgeukia mkewe aliyekuwa amerudi na sahani. "Umesikia? Vumbi."

"Nalifagia kila siku," alisema Doña Tomasa, "na hakuna aliyenitumia roketi."

"Ni kama vumbi la barabara yenu gari likipita na taa limewasha," Orin alieleza, akisahau kuogopa. "Huoni taa yenyewe, unaona vumbi linang'aa. Huko juu kuna nyota kali sana. Mwanga wake unapiga vumbi lililo kati ya nyota hizo, nalo linang'aa kidogo, huku na huko, bila mahali pa kuonyesha kidole. Hewa yetu inaumeza mwanga huo kabla haujafika chini. Ndiyo maana lazima tupande juu ya hewa."

"Na mkifika mnatazama kwa muda gani?"

Orin akakohoa. "Dakika tano. Na sekunde kumi."

"Kazi ya muda gani hiyo?"

"Miaka mitatu. Na nusu."

Don Epifanio akaweka mikono miwili juu ya meza. "Kijana, nakuheshimu. Lakini mtu wa miaka mitatu na nusu kwa dakika tano za vumbi, nitamkabidhije mtoto? Wanangu wawili wa kiume wako Denver, naonana nao Krismasi. Huyu ndiye aliyebaki. Nawe unataka kumpeleka kule ambako hata majira yamepinduka." Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko maneno. "Sikukutumia boga kwa ubaya. Nilichagua zuri."

"Lilikuwa zuri sana," alisema Orin.

Hapo Celsa akatoka nyuma ya mama yake. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa, aliyoichukua garini pamoja na mkoba. Alisogeza sahani, akaikunjua mezani. Ilikuwa ramani ya anga, duara kubwa, iliyopakwa rangi za penseli: vipande vyembamba vya bluu na zambarau, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kipande cha anga ambacho darubini ilikipitia katika dakika zile tano. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe tupu.

Don Epifanio alivaa tena miwani. Alipinda shingo, akageuza karatasi kidogo. Miaka hamsini alikuwa amesimama shambani na koleo akitazama maji yanaingia tuta kwa tuta. Kidole chake kilishuka chenyewe mpaka kwenye weupe.

"Hapa maji hayajafika," alisema.

"Hapo ni kusini, Baba," alisema Celsa. "Kutoka hapa hapaonekani. Mpaka twende."

"Nani kapaka rangi hii?"

"Mimi."

Mzee alisogeza kidole kando ya kipande kimoja, polepole, kuanzia mwisho mpaka mwisho.

"Mistari imenyooka."

"Nani alinifundisha kunyoosha matuta?" aliuliza Celsa. "Ulinipa kamba nikiwa na miaka sita. Ulisema tuta likipinda mwanzoni, maji yanakwenda kwa jirani."

Don Epifanio alitoa kitambaa, akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Orin alitazama dari, kwa adabu.

Doña Tomasa naye alikuwa na kisu mkononi tayari. Alikata pai, akatia vipande vinne kwenye sahani, akaonja chake cha kwanza akiwa amesimama.

"Si tamu sana," alitoa hukumu, "lakini imepikwa na mtu mvumilivu. Mbegu umezipeleka wapi, mwanangu?"

Orin alipapasa mfuko wa koti, akatoa bahasha safi ya plastiki, ya aina ile wanayohifadhia vipuri vya darubini. Ndani mbegu zilikuwa zimeoshwa, zimekaushwa. Nje alikuwa ameandika tarehe, mahali, na idadi.

"Mia nne na kumi na mbili," alisoma. "Sikujua kama mnazihitaji. Sikutaka kutupa kitu chenu."

Doña Tomasa aliketi. Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Celsa hakuwa amewahi kuliona, jicho la msichana wa miaka kumi na tisa.

"Mwambie, Epifanio."

"Tomasa, kula."

"Usipomwambia nitamwambia mimi." Akamgeukia Orin. "Mwaka ule nilipoposwa na kijana mmoja mfupi asiye na shamba, baba yangu alimtumia boga. Kubwa, la kijani, watu wote walilitazama likipita. Kijana yule hakulitupa. Alichukua mbegu, akapanda kwenye ardhi ya kuazima kule mtoni. Mwaka uliofuata alikuja mlangoni kwa baba na gari la farasi limejaa maboga mpaka pembeni, akamwambia, 'Umenipa moja, nimekurudishia mia. Sasa zungumza nami.'"

Celsa aligeuka. "Baba?"

"Yalikuwa themanini na tano," alinung'unika Don Epifanio. "Mama yako huzidisha."

"Na maboga ya shambani kwetu?"

"Mbegu ile ile," alisema Doña Tomasa. "Miaka thelathini na tatu. Hajawahi kupanda nyingine. Alipokwenda kumchagulia kijana wako boga la kumkataa, alilichuma kwenye mche wa mbegu ile ile iliyomkataa yeye. Nilimtazama dirishani nikasema, mzee huyu hajui anachokifanya, au anakijua sana."

Masikio ya Don Epifanio, Celsa aliona kwa mara ya kwanza maishani, yanaweza kuwa mekundu pia. Mzee aliivuta sahani yake. Alikata kipande kwa uma, akakitazama, akakila. Akatafuna kwa muda mrefu. Akakata cha pili.

"Desturi inasema boga likitumwa, neno limekwisha," alisema hatimaye. "Haisemi kitu likirudi limeokwa. Na sasa sehemu yake nimeila mimi mwenyewe. Sioni hapa mezani kukataa kulikobaki."

"Kuna kipande cha Burl," alisema Orin kwa uaminifu. "Nimemwahidi."

"Burl na ale. Alivaa tai." Don Epifanio alichukua bahasha ya mbegu, akaisoma lebo, tarehe, mahali, idadi, akaisoma tena. "Australia mtamaliza lini?"

"Aprili."

"Mimi hupanda Mei. Mwaka ujao sitagusa jembe. Hizi utazipanda wewe, kwa mkono wako, na huyu atakunyooshea kamba. Mei mosi nitakaa kwenye gogo pale mferejini kuwangoja. Harusi ni Desemba hii, kabla hamjaondoka, hapa, si pengine." Akamtazama Celsa, na masharubu yakatetemeka kidogo. "Niletee kalamu, binti yangu. Kukubali huandikwa."

Celsa alikwenda kuleta kalamu, akarudi akamkumbatia baba yake shingoni, kalamu ameisahau. Ikabidi Doña Tomasa aifuate. Aliporudi, mkono mmoja ulikuwa na kalamu na mwingine chupa ndogo yenye kizibo cha kioo.

"Roketi imeshashuka," alimwambia binti yake. "Au kioo chenu bado kinayaogopa manukato?"

Jua lilikuwa linateremka nyuma ya mashamba walipotoka barazani, mzee akabaki mezani akihangaika na barua, maana alitaka mwandiko mzuri. Celsa alifungua kizibo. Alijipaka nyuma ya sikio moja, kisha la pili, kisha kwenye kifundo cha mkono, kwa haraka, kama mwizi. Orin alisimama hatua mbili kutoka kwake, hajui pa kuweka mikono.

"Njoo," alisema Celsa.

Alikuja. Aliinamisha ule urefu wake wote. Celsa alimsikia akivuta pumzi na kuizuia.

"Hii ndiyo harufu yako?"

"Hii ndiyo."

"Miezi saba," alisema Orin, "nimekaa meza moja nawe, sijui unanukiaje."

"Ivute vizuri. Jumatatu tunaanza kufunga kioo, naiacha tena mpaka Aprili."

Basi akaivuta polepole, amefumba macho, uso wake shingoni mwa Celsa, kama mtu aliyepewa dakika tano na sekunde kumi tu na anajua hatapewa nyingine upesi. Celsa alifumba yake pia. Mashada ya pilipili yaliyumba ukutani kwa upepo.

Dirisha lilifunguka juu yao.

"Dakika tano," alisema Don Epifanio, kalamu mkononi, "zimekwisha."